Laki tisa za mchango wa familia: dogo alipie mtihani wa CCNA au aende kwanza kujitolea?

#1 KakaWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka jana, matokeo yake mazuri, yuko nyumbani Tabata anatuma maombi kila kona. Familia tumechanga tukapata laki tisa za kumsukuma. Yeye anataka ziende zote kwenye CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco: mtihani ni dola 300, kwa shilingi unakaribia laki nane, na kinachobaki alipie mazoezi ya jioni mjini. Baba mdogo anasema hizo ni pesa za kutupa baharini, bora tumpe nauli na chakula akajitolee kwenye kampuni ya mitandao ashike kazi kwa mikono yake.

Mimi ni mhasibu. Kwetu mambo yako wazi: huna CPA, kuna meza hutaketi na kuna saini hutaweka. Kwenye TEHAMA kila ninayemuuliza ana lake. Mlioko ndani ya fani, cheti kinampa mtu nini hasa hapa Dar? Na hii si ya kubishana tu, ndani ya hizo laki tisa kuna pesa ya mama ya vitenge.

#2 kimara_mwisho
Naweka kambi hapa. Na mimi nina dogo wa hivyohivyo.

#3 FundiWaya
Baba mdogo ana akili, msikilizeni. Mimi nimeingia kwenye hii kazi kwa kuvuta kebo Kariakoo, sijalipia mtihani hata mmoja, na watoto wanasoma.

Mfano wa juzijuzi. Ofisi moja Posta, asubuhi nusu ya wafanyakazi wana intaneti, nusu hawana. Kijana wao wa TEHAMA, vyeti vimetundikwa ukutani, tangu saa mbili anazima na kuwasha ruta kuu. Nilipofika nikakaa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi, nikaandika ipconfig, amri ya kuona kompyuta imepewa anwani gani ya mtandao. Ofisi yao inatumia anwani zinazoanza na 10.10, yeye kapewa 192.168.0.105. Palepale nikajua kuna kifaa kingine kinagawa anwani humo ndani. Nikaandika arp -a nikapata anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya hicho kifaa, nikaingia kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo zote za ofisi, nikaitafuta iko poti gani, nikaifuata kebo kwa macho mpaka jikoni. Mhudumu kaleta ruta ndogo ya Wi-Fi kutoka nyumbani ili simu yake ishike vizuri, kachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN. Nikachomoa. Watu wakaanza kufungua simu upya na kompyuta zao, kazi ikarudi.

Hiyo hakuna mtihani ulionifundisha.

#4 MamaSeva
FundiWaya, kazi safi, na nakusifu kwa moyo wote. Ila hitilafu hiyo ina kinga yake, inaitwa DHCP snooping. Unaiambia swichi kwamba majibu ya kugawa anwani yapite kwenye poti moja tu inayoaminika, yakitokea poti nyingine yatupwe. Mhudumu alete ruta kumi, hakuna atakayepata anwani ya uongo. Na hiyo ipo kabisa kwenye silabasi ya CCNA ya sasa, upande wa usalama.

Nimefanya kazi na mafundi hodari kweli wa kutafuta tatizo ambao hawajawahi kuiwasha hiyo kitu, kwa sababu kazi ya kila siku inakufundisha yale tu yanayoharibika mbele yako. Ukisoma kwa mpangilio unapita hata kwenye yale ambayo ofisi yako haijakutana nayo. Hapo ndipo mimi naiona thamani.

#5 FundiWaya
Niliiwasha kabla sijaondoka, dada. Ila niliisoma YouTube, bure. Dola 300 ziko wapi hapo?

#6 TendaNaKazi
Dola 300 ziko kwenye zabuni. Nyote mnaongelea ujuzi, mimi naongelea karatasi inayoleta kazi mezani.

Nina kampuni ndogo, tunaomba kazi za serikali kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, na za mabenki kwa barua. Fungua kabrasha la zabuni yoyote kubwa ya mtandao, nenda kipengele cha wataalamu muhimu: mhandisi mmoja mwenye CCNP, ngazi ya juu ya CCNA, na wawili wenye CCNA, ambatisha nakala za vyeti. Usipoambatisha, umeondolewa kwenye tathmini ya awali kabla hata bei yako haijaangaliwa. Na ukitaka kuwa wakala wa ngazi ya juu wa hao watengenezaji wakubwa, wanakutaka uwe na idadi fulani ya waajiriwa wenye vyeti vyao, ndipo upate punguzo la bei ya vifaa. Kwa hiyo kijana mwenye cheti kwangu ana thamani mbili, atafanya kazi na atanifungulia mlango. FundiWaya namheshimu, pengine anamzidi mikono, lakini kwenye hilo kabrasha siwezi kumwandika.

#7 nyaya_na_mawimbi
#6 amesema ukweli ambao vyuoni hawausemi. Na ndiyo maana kuna kampuni zinakodi vyeti: jina lako linakaa kwenye zabuni, site hujawahi kuiona.

#8 TendaNaKazi
Zipo, na zinatuharibia soko sisi tunaoajiri watu kweli.

#9 Mwananchi_Portal
Mleta uzi, kama dogo analenga serikalini, hesabu ni nyingine kabisa. Tangazo la Afisa TEHAMA daraja la II kwenye Ajira Portal linataka shahada: sayansi ya kompyuta, TEHAMA, uhandisi wa kompyuta na zinazofanana nazo. Kisha kuna mtihani wa mchujo, wanaopita wanaenda hatua zinazofuata. Kwenye mchujo watu ni wengi mno na hakuna anayekuuliza una CCNA. Kitakachokusaidia ni kwamba ukiwa umeisoma, maswali ya mitandao unayajibu bila kubahatisha. Kwa njia hiyo angeweza kusoma bila kulipia mtihani.

#10 Mkaguzi_TZ
Niweke sawa mlinganisho wa #1 kuhusu CPA, maana ndio unaopotosha wengi. CPA ina sheria nyuma yake. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na huwezi kusaini hesabu zilizokaguliwa kama hujasajiliwa. Kwenye TEHAMA hakuna sheria inayosema asiye na cheti fulani asiguse ruta. Tume ya TEHAMA inasajili wataalamu, ni jambo zuri, lakini hiyo CCNA unayoiongelea ni cheti cha kampuni inayouza vifaa. Nguvu yake inatoka sokoni, na soko likigeuka nayo inageuka.

Vipo pia vyeti visivyo vya muuzaji. Mimi nina CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo cha chama cha ISACA, cheti kilichoanza mwaka 1978. Kwenye ukaguzi wa mifumo ya benki hapa mjini, kitengo kizima kinaitaja kwenye tangazo la kazi. Ila kwa dogo bado mapema, wanataka uzoefu wa miaka mitano, ingawa shahada inaweza kupunguza sehemu ya hiyo miaka.

#11 haki_ya_mtandao
Asante Mkaguzi. Lakini CISSP, kile cheti cha usalama wa mifumo, si mtu anaweza kuifanya hata akiwa chuoni? Nina rafiki kaiweka kwenye wasifu wake na hajawahi kuajiriwa.

#12 Mkaguzi_TZ
Mtihani unaweza kuufanya, cheti hupewi. CISSP inataka miaka mitano ya kazi ya kulipwa kwenye angalau maeneo mawili kati ya nane ya silabasi yao, na shahada inakuokoa mwaka mmoja tu. Ukifaulu bila uzoefu unaitwa Associate of ISC2, mshirika tu wa taasisi inayoitoa, mpaka utimize. Rafiki yako akiandika CISSP akakutana na anayejua, ataulizwa namba yake ya uanachama. Mwambie arekebishe mapema.

#13 Mchumi_Sinza
Naingilia kutoka nje ya fani. Mnachobishania kiliwahi kuandikwa kwenye uchumi. Michael Spence, aliyeshiriki Nobel ya mwaka 2001, alieleza mwaka 1973 kwamba elimu inaweza kumfaa mwajiri hata kama haikumwongezea mtu ujuzi wowote, ilimradi kuipata kuwe kugumu zaidi kwa asiyeweza kuliko kwa anayeweza. Mwajiri haoni ndani ya kichwa chako. Anaona ishara tu, kwamba ulikaa ukasoma ukatoa pesa ukafaulu, na mvivu asingefika huko.

Kwa hiyo FundiWaya kusema alijifunza YouTube ni kweli na wala hakugusi hoja. Suala ni anayekuajiri bila kukufahamu atajuaje.

#14 FundiWaya
Mchumi, mimi hawaniajiri bila kunifahamu. Naitwa na mtu niliyemfanyia kazi, ananipeleka kwa mwenzake. Kariakoo nzima tunaishi hivyo.

#15 Mchumi_Sinza
Na dogo wa Tabata bado hana hata mtu mmoja aliyemfanyia kazi. Ndiyo tofauti yenu.

#16 mzee_wa_ghorofani
Ishara ya Spence ilikufa siku dampsi zilipoingia mjini. Yale mafaili ya maswali yaliyovuja yanazunguka WhatsApp, mtu anakariri herufi za majibu, anakwenda kituo cha mtihani anatoka na cheti. Nimekaa kwenye meza ya usaili nikamwuliza kijana mwenye CCNA: anwani 172.16.45.200/27 iko kwenye mtandao upi? Akaniambia hilo linafanywa na programu. Alama zake za mtihani zilikuwa za juu kweli.

#17 dogo_sabneti
172.16.45.192, mzee. Inachukua vifaa 32.

#18 MamaSeva
Mtandao umeupata, idadi sivyo. Anwani ni 32, kuanzia .192 mpaka .223. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, vifaa vinabaki 30.

#19 dogo_sabneti
Asante dada, 30. Mzee naomba nafasi sasa 😀

#20 mzee_wa_ghorofani
Umefanya kichwani bila programu, tayari umemshinda yule. Nitumie wasifu inbox.

#21 kimara_mwisho
Uzi umeshatoa usaili mmoja na bado ukurasa wa kwanza. Endeleeni.

#22 HR_asiyelala
Niwaambie tunavyofanya sisi upande wa rasilimali watu, maana mnatuongelea sana. Nafasi moja ya msimamizi wa mtandao inaleta maombi mengi kiasi kwamba hakuna anayesoma yote mstari kwa mstari. Mimi sijui sabneti, huko kugawa mtandao vipande, na wala sihitaji kuijua. Mkuu wa TEHAMA ananipa orodha ya vitu vya kutafuta, natafuta, rundo linapungua. CCNA huwa ipo kwenye hiyo orodha. Mwenye uzoefu anapita kwa uzoefu. Anayetoka chuoni, ambaye wenzake wote wana shahada ileile, anapita kwa hicho.

Tatizo ninalokutana nalo kila mara: mtu anaandika CCNA, ukidai uthibitisho anakuletea hati ya kumaliza kozi ya Cisco Networking Academy ya chuoni. Kozi ni kozi, umemaliza vipindi. CCNA ni ule mtihani wa 200-301 kwenye kituo au mtandaoni ukiwa unasimamiwa, na ukifaulu unapata beji ambayo mimi naifungua kwa kiungo naona jina lako na tarehe ya kuisha. Siku hizi naomba kiungo, nakala ya karatasi siipokei.

#23 mwenye_mcse
Tarehe ya kuisha ndiyo inayoniuma. Nilijinyima nikafanya mitihani ya Microsoft mmoja baada ya mwingine mpaka nikapata MCSE, cheti chao cha wataalamu wa mifumo. Mwaka 2020 wakaifuta yote. Leo kijana anayenihoji hajui hata ni kitu gani.

#24 Mkaguzi_TZ
Pole mkuu. Tarehe tu: walipanga Juni 30, 2020, wakasogeza kwa ajili ya corona, mitihani ya MCSE na vyeti ndugu zake, MCSA na MCSD, ikafungwa Januari 31, 2021. Na hawakukunyang'anya ulichonacho, bado kinaonekana kwenye kumbukumbu zako kwao. Hoja yako inabaki palepale, kwamba muuzaji ndiye anayeamua lini kipimo chako kimepitwa.

#25 mwenye_mcse
Ndicho ninachokisema. Waliofanya A+ ya CompTIA, cheti cha mwanzo cha ufundi wa kompyuta, kabla ya mwaka 2011 walipewa cha maisha. Kuanzia Januari 2011 wakaweka miaka mitatu. CCNA miaka mitatu. AWS ya Amazon miaka mitatu. Daktari hafutiwi shahada kwa sababu kiwanda kimetoa dawa mpya. Hapa kuna biashara, na sisi tunaolipa kwa shilingi ndio inayotubana kuliko wote.

#26 MamaSeva
Biashara ipo, sikatai. Lakini nikuletee seva ya Windows ya mwaka 2003 uniambie ungependa anayeilinda benki yako awe alipimwa mara ya mwisho lini. Na Microsoft hao hao, vyeti vyao vya sasa ngazi ya kati vinahuishwa kila mwaka bure, unakaa nyumbani unajibu maswali mtandaoni. Vile vya msingi kama AZ-900 havina tarehe ya kuisha.

#27 DadaWaNyaya
Naomba niongee kama mwanamke ninayefunga mitandao ya shule na zahanati. Naingia site nimeshika koleo la kubania vichwa vya RJ45, ngazi iko begani, mlinzi ananiuliza fundi anakuja saa ngapi. Ndani, mkuu wa ofisi anaongea na msaidizi wangu wa kiume, ambaye ni mwanafunzi wa mazoezi. Hii haitokei siku moja moja, ndio mwanzo wa karibu kila kazi mpya.

Cheti hakijaondoa hayo. Kilichofanya ni kwamba kwenye barua ya utambulisho jina langu liko juu na chini yake kuna CCNA na namba ya kuthibitishia, na mara kadhaa nimeona mtu anaisoma halafu anageuza kiti kuniangalia mimi. FundiWaya kaka yangu, wewe ukiingia mlangoni wanakuamini mpaka uharibu. Mimi wananitilia shaka mpaka nitengeneze. Kwa baadhi yetu hizo laki nane zinanunua zile dakika kumi za mwanzo, na bila hizo dakika kazi haianzi.

#28 FundiWaya
Dada hapo umesema kitu sikuwa nakiona kutoka nilipokaa. Heshima yako.

#29 nyaya_na_mawimbi
Nakazia #27. Dada zetu wa fani hii wangeandika zaidi humu.

#30 wingu_la_mbezi
Dunia ya leo iko kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, nyie bado mnabishania swichi. Mimi nafanya kazi na wateja wa nje nikiwa Mbezi. AWS Solutions Architect ya ngazi ya kati ni dola 150, nusu ya CCNA, na ile ya mwanzo kabisa ni dola 100. Cheti kiliwafanya wafungue ukurasa wangu. Kazi nilipewa baada ya kuwaonyesha mfumo nilioujenga, wakauona unafanya kazi, wakasoma msimbo wangu. Kwa hiyo vyote viwili.

#31 mzee_wa_ghorofani
Wingu lako lilikuwa wapi Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini? Mji mzima ulikuwa unatafuta mtandao. Waliookoa siku hiyo ni watu wa ruta, waliojua kuhamisha njia kwenye BGP, itifaki ya kuelekeza njia kati ya mitandao mikubwa, wakapitisha trafiki upande mwingine. CCNA hiyo.

#32 MfunguaPoti
Mzee, BGP haimo kwenye CCNA ya sasa. Tangu Cisco wapange upya vyeti vyao Februari 24, 2020, mtihani wa 200-301 unaishia OSPF ya eneo moja, itifaki ya kutafuta njia ndani ya mtandao wa taasisi moja. Ule wa zamani, 200-125, ulikuwa na BGP kidogo. Sasa iko CCNP. Na mabadiliko yaleyale yaliondoa sharti la kuwa na CCNA kabla ya CCNP, mtu mwenye uzoefu anaweza kuruka moja kwa moja.

Ila hoja yako ya siku ile ni ya kweli. Nilikuwa zamu. Tulihamisha njia, halafu njia iliyobaki ikajaa, tukaanza kuchagua nani apate nini: huduma za malipo kwanza, video mwisho. Hayo ya kuchagua yalitoka kwa mkubwa wetu wa zamu aliyekaa na mtandao huo miaka. Hakuna kitabu kinachojua wateja wetu.

#33 wingu_la_mbezi
Siku hiyo nilihama na laptop mpaka Mwenge kutafuta mtandao, naikumbuka vizuri. Mteja alinielewa.

#34 nilijitolea
Narudi kwenye ushauri wa baba mdogo, maana watu mmeupita haraka. Kujitolea si bure. Nilikaa kwenye kampuni moja hapa mjini muda mrefu kwa ahadi ya "nafasi ikitokea". Nauli yangu, chakula changu. Kazi niliyofanya ilikuwa kubeba ngazi, kubandika lebo kwenye kebo na kununua chai. Nywila ya swichi sikuwahi kupewa. Nafasi ilipotokea akaja mtu kutoka nje, ana cheti.

Sisemi wote wako hivyo. Nasema kabla dogo hajaenda, aulize mambo mawili: nitakuwa chini ya nani, na nitaruhusiwa kugusa nini. Wakishindwa kujibu, aondoke.

#35 FundiWaya
Hapo naungana na wewe. Kijana akinifuata mimi analipwa posho ya siku na anashika koleo siku hiyohiyo. Kumbebesha mtu ngazi mwaka mzima ni dhuluma.

#36 kebo_za_mtaa
Kuna kitu hakijatajwa. Watoa huduma wengi wadogo wa intaneti mitaani, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, wanaendesha vifaa vya MikroTik, na makampuni ya simu yamejaa vya Huawei. Kijana anamaliza CCNA, anakutana na skrini ya RouterOS, programu ya hivyo vifaa vya MikroTik, anatoa macho. MTCNA, cheti cha MikroTik, mtihani wake unafanyika mwisho wa mafunzo yenyewe, darasa la siku chache, na kijana anatoka anajua kitu alichokiona kwa jirani yake. Kwa nini kila mtu anakimbilia Cisco?

#37 MamaSeva
Kwa sababu CCNA inakufundisha mtandao wenyewe. Sabneti ni ileile, VLAN ni ileile, OSPF haina kabila. Aliyeielewa vizuri anahamia RouterOS kwa wiki kadhaa za kuhangaika na amri. Aliyejifunza kubofya kwenye kifaa kimoja anahama kwa shida.

#38 kebo_za_mtaa
Hizo wiki kadhaa mwajiri mdogo hana, dada. Anataka mtu Jumatatu.

#39 KakaWaTabata
Wakuu nashukuru, nimesoma yote na dogo kakaa pembeni anasoma. Niongeze habari: chuoni walisoma kozi za Cisco Networking Academy, amemaliza zote tatu. Kumbe HR_asiyelala anasema hiyo peke yake si CCNA, na yeye kwenye wasifu kaandika CCNA. Tunarekebisha leo.

Swali: akijisomea mwenyewe bila darasa la jioni, inawezekana? Nyumbani hatuna ruta za kufanyia mazoezi.

#40 MfunguaPoti
Inawezekana kabisa. Kwanza, kama alimaliza ile kozi ya tatu kwa alama nzuri, aingie kwenye akaunti yake ya akademi aangalie, huwa wanatoa vocha ya punguzo la mtihani na zina muda wa kuisha. Amwone na mwalimu aliyemfundisha. Msilipe bei kamili kabla ya kuhakikisha hilo.

Pili, Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ni ya bure, tayari anayo kama alisoma huko. Maabara karibu zote za CCNA zinafanyika humo. Akitaka chuma chenyewe, swichi za 2960 zilizotumika zinapatikana, akanunue na mtu anayejua, na moja inatosha. Mtihani ni dakika 120 kwa Kiingereza, ajizoeze kwa saa, maana wengi wanaojua wanaangushwa na muda.

Na dampsi asiguse. Cisco wakigundua wanafuta cheti na wanaweza kukufungia mitihani yao yote.

#41 haki_ya_mtandao
Kama anapenda usalama, ISC2, walewale wa CISSP, wana cheti cha mwanzo cha Certified in Cybersecurity, mpango ulioanza mwaka 2022 kwa mafunzo na mtihani bure, aangalie kama nafasi za bure bado zipo. Ukifaulu kuna ada ya mwaka dola 50. Ajipime huko kwanza kabla ya kugusa pesa ya mama.

#42 Mwananchi_Portal
Sasa mnamrundikia. Dogo mmoja, vyeti vitano, bado hajafunga hata ruta ya jirani. Mwenye vyeti kibao bila siku moja ya kazi, kwenye mahojiano ya ana kwa ana anaonekana haraka sana.

#43 Mchumi_Sinza
Na mkumbuke kwamba kila mtu akiwa na CCNA, ishara inakufa, waajiri watapanda kwenda CCNP. Ndivyo ilivyotokea kwa shahada yenyewe.

#44 TendaNaKazi
Kwenye zabuni haijafa wala haielekei kufa, mimi nazifungua kila wiki. Mleta uzi, akifaulu anitafute. Sitaahidi kazi, nitampa usaili wa kweli na mtu wa kumsimamia.

#45 FundiWaya
Na kabla hajafaulu aje Jumamosi kwangu, tuna kazi ya kufunga mtandao wa ghala Vingunguti, poti kama arobaini. Avae viatu vya kufunika miguu. Posho ipo.

#46 DadaWaNyaya
Ghala la Vingunguti? FundiWaya mwekee tester mkononi, umuache apime mwenyewe poti zote, asiishie kushika ngazi kama #34.

#47 FundiWaya
Atapima zote na ataandika lebo yeye, dada. Nitarudia nyuma yake kuhakiki.

#48 kimara_mwisho
Wakuu, dogo wangu naye aje? Yuko tayari hata sasa hivi.

#49 mwenye_mcse
Swali kwa MfunguaPoti: hiyo miaka mitatu ikiisha lazima alipe dola 300 tena? Maana hilo hamjamwambia.

#50 MfunguaPoti
Si lazima. Anaweza kurudia mtihani wa ngazi hiyo, au kufaulu wa ngazi ya juu, ukifaulu mtihani mkuu wa CCNP unahuisha CCNA nayo. Au akusanye pointi 30 za mafunzo endelevu ndani ya hiyo miaka mitatu, na baadhi ya kozi za kupata pointi huwa wanazitoa bure kwa kipindi maalum, afuatilie matangazo yao. Ikipita siku ya mwisho hajafanya kimojawapo, anaanza moja. Kuhusu cheti cha HCIA cha Huawei na MTCNA, kebo_za_mtaa fungua uzi wake, kuna mengi ya kusema na huu umeshakuwa mrefu.